Rivolva Gani Kali? Kijiwe cha Viwanja Sitini Kimejibu, Ila Swali Lenyewe Kimeliruka

Picha ilidondoka Instagram usiku wa Ijumaa. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, amekaa kwenye sofa jeupe, cheni shingoni, glasi mkononi, na mezani mbele yake kuna rivolva inang'aa kama sufuria mpya ya harusini. Hakuandika neno lolote chini ya picha. Hakukuwa na haja. Kufika Jumamosi asubuhi picha ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ikapita Mikumi, ikavuka Ruaha, ikatua kwenye kijiwe cha bodaboda Viwanja Sitini, pale pale Ifakara.

Ubishi ukaanza. Sio kama staa alikosea au hakukosea, hapana. Ubishi ulikuwa ni rivolva ya ukubwa gani ndiyo kali kuliko zote.

Dereva bodaboda mmoja akasema ukweli uko wazi, .44 Magnum ndiyo baba lao, kaiona kwenye muvi za kutafsiriwa, mtu akipigwa anaruka mpaka ukutani. Fundi simu wa jirani akabisha: .357 Magnum ndiyo yenye akili, ndogo kidogo lakini kali. Dogo mmoja wa chuo aliyerudi likizo kutoka Dar akatoa simu akawaonyesha .500 ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2003, mtutu kama bomba la maji. Kijiwe kizima kikapiga mluzi.

Pembeni walikuwepo watu wawili wasiosema kitu. Mmoja ni mfanyabiashara wa mchele, mwenye mashine ya kukoboa, ambaye vijana wanamwita Tajiri. Mwingine ni mzee aliyestaafu idara ya wanyamapori, ambaye asubuhi zake zote huishia hapo na kikombe cha kahawa na kashata. Waliposhindwa kuelewana wakamgeukia yeye.

"Babu, wewe umeshika silaha miaka yote. Rivolva ipi kali?"

Mzee akauliza, "Ya kazi gani?"

"Ya kazi zote, babu."

"Basi hamjui hata kazi moja."

Walicheka, na mada ikahamia Simba na Yanga. Lakini jibu la yule mzee ndilo jibu pekee la maana lililotoka kijiweni siku ile, na lilistahili kusikilizwa zaidi ya lilivyosikilizwa. Kwa sababu wakati vijana wanacheka, Tajiri hakucheka. Yeye yuko kwenye mchakato wa kuomba kibali kweli kweli.

Kwanza hizi namba

Kabla ya kupenda namba ni vizuri kujua namba inasema nini. Kaliba ni upana wa risasi au wa tundu la mtutu, na Wamarekani na Waingereza huupima kwa inchi. Kwa hiyo .22 ni kama milimita 5.6, na .44 Magnum ni kama milimita 10.9. Rivolva yenyewe ni ile bastola yenye silinda inayozunguka, mara nyingi ya risasi tano au sita, ambayo Samuel Colt aliichukulia hataza huko Marekani mwaka 1836.

Sasa vituko vinaanza hapa. Risasi inayoitwa .38 Special, iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, kiuhalisia haina upana wa .38. Ina upana wa .357, sawasawa kabisa na ile ya .357 Magnum iliyokuja miaka ya 1930. Tofauti ni kwamba ganda la Magnum ni refu kidogo na risasi inasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana rivolva ya .357 inakubali risasi za .38, lakini rivolva ya .38 haitakiwi kabisa kuwekwa risasi za .357. Hapo fundi simu anapata maksi zake: mwenye .357 ana silaha mbili ndani ya moja.

Kituko cha pili ndicho kinachovunja kabisa hoja ya kijiwe. Bunduki ya kuwindia nyati na tembo, ile inayohesabika kama kianzio cha heshima kwa wawindaji wakubwa Afrika yote, ni .375. Mtu akipanga kwa namba tu, .375 ni ndogo kuliko .38, na ni ndogo mbali kuliko .44. Lakini nguvu ya risasi ikipimwa inapotoka mtutuni, .38 Special ina takriban jouli 300, .357 Magnum kama 750, .44 Magnum kama 1,300, na ile .375 H&H ina zaidi ya 5,500. Yaani "namba ndogo" inaipiga "namba kubwa" zaidi ya mara nne, kwa sababu risasi yake ni ndefu, nzito, ina baruti nyingi na mtutu mrefu wa kuisukuma.

Kwa hiyo kuchagua silaha kwa kuangalia namba ni sawa na kuchagua pikipiki kwa kuangalia namba ya usajili. Mzee aliuliza kazi kwa sababu kazi ndiyo inayoanza, namba inafuata.

Kazi ya kwanza: mnyama shambani

Bonde la Kilombero sio Masaki. Hapa mtu akisema anataka silaha ya kujilinda, nusu ya nyakati anamaanisha kulinda mpunga. Mashamba yamesogea mpaka kwenye njia za tembo watokao milima ya Udzungwa upande mmoja na mbuga zilizo upande wa Nyerere. Mtoni kuna viboko na mamba. Msimu wa mpunga kuiva, familia zinahamia shamba, watu wanalala kwenye dungu, wanapiga madebe na kuwasha moto mpaka alfajiri.

Ndiyo maana kijana anawaza, ningekuwa na .44 pale juu ya dungu, tembo angenijua.

Ukweli ni mchungu. Tembo dume mzima anafika tani tano na zaidi. Kiboko naye anapita tani moja na nusu kirahisi. Kumfyatulia mnyama wa namna hiyo risasi ya rivolva usiku, kwa mwanga wa tochi, mikono inatetemeka, ni kumtia hasira tu. Mfuvu wa tembo una tabaka nene la mifupa yenye vishimo vishimo kama sifongo, na hata wawindaji wenye .375 na .458 wanasoma miaka mingi wapi pa kulenga. Mnyama aliyejeruhiwa haondoki na kusahau. Anaweza kurudi kesho kwenye shamba la jirani ambaye hakufyatua kitu, mama aliyeamka kwenda kuchota maji, na huyo ndiye atakayelipa.

Na bado sheria ipo. Wanyamapori ni mali ya taifa, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtu akivamiwa ana haki ya kujihami, lakini kumvizia tembo na bastola kwa sababu kala mpunga ni kesi nyingine kabisa. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufa. Watu wanalalamika kwamba fedha ni ndogo na zinachelewa, na malalamiko hayo yana haki yake, lakini hayaigeuzi .44 kuwa bunduki ya tembo.

Kinachofanya kazi kwenye bonde hili hakina mvuto wa Instagram hata kidogo. Ni kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Ni tochi kali na honi. Ni askari wa wanyamapori kuitwa mapema badala ya kuitwa baada ya maafa. Upande wa Mang'ula, chini ya Udzungwa, wakulima walitundika mizinga ya nyuki kwenye uzio kwa sababu tembo, pamoja na ukubwa wake wote, anaogopa nyuki. Fikiria mnyama asiyeogopa rivolva akageuzwa na mdudu. Na mwenye mzinga anapata asali juu yake.

Kwa kazi hii, basi, hakuna rivolva ya kupendwa, hata ile ya dogo wa chuo.

Kazi ya pili: hela njiani

Hapa anaingia Tajiri. Msimu wa mavuno anazunguka Lupiro, Mngeta, mpaka huko Mlimba, ananunua mpunga kwa fedha taslimu, maana mkulima anataka hela mkononi. Begi lina mamilioni. Barabara zina sehemu ambazo simu haishiki mtandao. Mwenzake mmoja msimu uliopita aliingiliwa nyumbani na watu wenye mapanga, akachukuliwa kila kitu, akabaki na kovu la kutoka sikio mpaka shavu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anawaza silaha kwa sababu ya sifa ni kumkosea heshima. Hofu yake ni ya kweli.

Lakini hofu ya kweli haifanyi kila dawa kuwa ya kweli. Wanaovizia mtu njiani wanachagua wao mahali, saa na idadi yao. Wanachagua kona yenye tope ambapo pikipiki lazima ipunguze mwendo. Rivolva iko kiunoni chini ya koti la mvua, mikono miwili iko kwenye usukani. Mpaka itoke, mambo yameshaisha, na sasa wahalifu wana begi na wana rivolva. Silaha iliyoporwa haifi. Inaendelea kufanya kazi kwa mikono mingine, na bado imesajiliwa kwa jina la mwenyewe.

Dawa ya hela njiani ni kupunguza hela njiani. Malipo ya simu na wakala wamefika vijiji vingi. Kuna wafanyabiashara wa bonde hili wanaolipa nusu taslimu na nusu kwa simu, wanabadilisha siku na njia, hawatangazi safari kijiweni, na hawatembei peke yao. Hizo ndizo kinga ambazo mwizi hawezi kuzipora.

Kama baada ya yote hayo mtu bado anasema lazima abebe, na vyombo vya dola vimeridhika kwamba anastahili, basi jibu la kaliba linajulikana zamani, na sio lile la muvi. Ni .38 Special. Polisi wa Marekani waliibeba sehemu kubwa ya karne ya 20. Ni nyepesi kubeba, teke lake linavumilika, na mtu wa kawaida akifanya mazoezi anaweza kupiga anapolenga.

Hata jeshi la Uingereza lilifika kwenye jibu la aina hiyo kwa kuumia. Kwenye vita ya kwanza ya dunia, ile iliyopita mpaka Mahenge mwaka 1917, maofisa wa Kiingereza walibeba Webley ya .455, chuma kizito chenye risasi nene. Vita ilipoisha wakakaa wakapiga hesabu. Askari wengi hawakuwa na muda wa kutosha wa mazoezi kuimudu. Mwaka 1932 wakahamia rivolva ndogo ya .38. Jeshi la himaya zima liliamua kwamba risasi ndogo inayompata adui ni bora kuliko kubwa inayopita pembeni. Kijiwe cha Viwanja Sitini bado hakijapata taarifa.

Kazi ya tatu: usiku nyumbani

Hii ndiyo kazi ambayo watu wengi wanaitaja wakiulizwa, na ndiyo yenye hatari iliyojificha kuliko zote.

Viwanja Sitini ni mtaa wa nyumba zilizokaribiana. Kuna nyumba za tofali za kuchoma zenye madirisha ya wavu, kuna milango ya mbao nyepesi, kuna vyumba vilivyogawanywa kwa mbao laini, kuna mabanda ya mabati uani ambako wapangaji wanalala. Mtu akifyatua .357 au .44 usiku gizani akakosa, risasi haisemi samahani ikasimama. Inapita kwenye mlango, inapita dirisha la jirani, inaingia kwenye chandarua cha mtoto wa mtu. Hata .38 inapita mbao na bati, lakini kadiri nguvu inavyozidi ndivyo safari ya ile iliyokosea inavyozidi.

Ongeza kelele na mwanga. Magnum ikilia ndani ya chumba inapita desibeli 150, juu kabisa ya kiwango ambacho sikio linaumia papo hapo. Mfyatuaji anabaki kiziwi kwa muda, macho yamepigwa na mwako wa mtutu, hasikii kama aliyeko koridoni anasema "baba, ni mimi." Hiyo sentensi ndiyo inayotakiwa kusikika kuliko zote usiku huo.

Kwa hiyo aliyefikia hatua ya kumiliki silaha ya nyumbani kihalali, achukue .38, au rivolva ya .357 iliyojazwa risasi za .38. Hiyo ya pili ni nzito kidogo na uzito wake unameza teke. Fundi simu anapata maksi zake mara ya pili, ingawa yeye aliitaka kwa ajili ya jina Magnum.

Lakini kuna kifaa muhimu kuliko kaliba yoyote, na hakuna staa aliyewahi kukipiga picha. Ni kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa ukutani kwa nati. Rivolva ina sifa moja inayosifiwa kijiweni: haina mambo mengi, ukiivuta triga inalia. Sifa hiyo hiyo ndiyo balaa ikiwa chini ya mto. Mtoto wa darasa la pili aliyeangalia muvi anajua tayari pa kuweka kidole, na mikono miwili inamtosha kuvuta. Wazazi wanaficha silaha juu ya kabati wakidhani mtoto hajui. Mtoto anajua sukari ilipo, anajua simu ya baba inafunguliwaje, na silaha pia atajua iko wapi.

Na kuna mtu mwingine asiyetajwa: mwenye nyumba mwenyewe siku aliyovurugwa. Siku mke kaondoka, siku benki imeandika barua, siku pombe imezidi. Panga linampa mtu nafasi ya kushikwa mkono. Rivolva haimpi hata sekunde mbili. Anayechagua silaha anachagua pia kitakachokuwepo chumbani siku yake mbaya kuliko zote.

Kazi ya nne: kulenga shabaha

Kuna kazi moja ambapo rivolva inaweza kupendwa bila lawama, nayo ni kulenga shabaha mahali panaporuhusiwa, mbele ya mkufunzi. Hapo mfalme ni .22. Ile ndogo kabisa ambayo kijiwe kiliicheka. Smith & Wesson walianza na rivolva ya .22 mwaka 1857, na mpaka leo duniani kote watu wanaanza kujifunza na kaliba hiyo. Teke lake ni dogo, risasi zake ni rahisi kuliko nyingine, na haimfundishi mtu kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Anayeanza na .44 anajifunza kitu kimoja tu: kuogopa mkono wake mwenyewe.

Ila isidharauliwe. Hiyo .22 inayoitwa ya kitoto inaua kama nyingine zote.

Kazi ya tano: picha

Hapo sasa ndipo staa wa Ijumaa usiku aliposimama. Silaha yake ilikuwa ya kazi gani? Tembo hayupo sebuleni. Mwizi hayupo. Shabaha haipo. Kulikuwa na glasi ya kinywaji na kamera. Hiyo ndiyo kazi ya tano: kutafuta kiki.

Ujanja huu ni wa zamani. Mwaka 1971 ilitoka filamu ya Dirty Harry, Clint Eastwood akiwa polisi wa San Francisco mwenye .44 Magnum ndefu. Kabla ya hapo .44 ilikuwa silaha ya watu wachache, wawindaji na wapenda shabaha. Baada ya filamu kila mtu Marekani aliitaka, wengi wao wakaipiga mara moja, wakaumia kiganja, wakaiweka kabatini. Filamu iliuza namba. Namba haikuwapa kazi ya kuifanyia. Na yule mtu anayeruka mpaka ukutani akipigwa? Ni kamba za waigizaji. Risasi ya mkononi haimrushi mtu, vinginevyo ingemrusha na aliyeifyatua.

Sasa Instagram inafanya kazi ile ile kwa bei rahisi zaidi. Staa hatapata shida, labda ataitwa, ataeleza, atafuta picha, ataomba radhi kwa mashabiki, maisha yataendelea. Lakini dogo wa Ifakara aliyeipenda picha hana meneja wala wakili. Yeye akitaka kufanana na staa hatapitia njia ya kibali. Atatafuta gobole la mtu, au bastola ya magendo, atapiga nayo picha kwenye mwanga wa jua la saa kumi na moja, ataweka status. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kushika silaha bila kibali ni jinai. Ile status yake ndiyo itakuwa kielelezo cha kwanza mahakamani, na ameipiga mwenyewe, kwa kamera nzuri.

Bonde hili lina kumbukumbu ya silaha haramu ambayo si ya kuchezea. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilipopita nchini kusaka majangili, wahalifu walikamatwa, lakini raia wasio na hatia nao waliumizwa mpaka operesheni ikasimamishwa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Wazee wa maeneo yanayopakana na hifadhi wanajua mtaa ukishapata sifa ya kuwa na silaha, anayekuja kugonga mlango haulizi nani alikuwa anapiga picha tu.

Wanaotetea namba kubwa wana hoja moja nzito

Wapo watakaosema maneno haya ni rahisi kwa mtu anayelala karibu na kituo cha polisi. Aliye shamba, kilomita nyingi kutoka lami, mvua imekata njia, atamwita nani? Hoja hiyo ni ya kweli na haijibiwi kwa mzaha. Kuna watu wanaostahili silaha, na sheria imewaachia mlango: anaanza serikali ya mtaa au kijiji, anapanda kata, wilaya, polisi, anachunguzwa, anathibitisha kwamba anajua kuitumia na ana pa kuihifadhi. Njia hiyo ni ndefu na inachosha. Ila urefu wake una maana. Kila ofisi inarudia lile swali la mzee wa kahawa kwa maneno yake yenyewe.

Na anayelijibu swali hilo kwa uaminifu, mara nyingi sana, anagundua kwamba anachohitaji ni mlango wa chuma, taa ya sola uani, mbwa anayebweka, majirani wenye namba zake za simu, na hela kidogo ndani ya begi. Wachache watabaki na sababu halisi. Hao wachukue .38, wafanye mazoezi, waifungie, wasimwambie mtu. Mwenye silaha kweli hana sababu ya kuionyesha, na mwenye kuionyesha kila wiki huenda hana kazi ya kuifanyia.

Tajiri alikwenda Jumatatu. Alivaa shati la kufulia pasi, akabeba bahasha yenye barua na picha ndogo, akaketi kwenye benchi mpaka zamu yake ikafika. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu anayemjua tangu utoto, wamecheza mpira pamoja. Akaisoma barua mpaka chini, akavua miwani.

"Ndugu yangu, unaitakia nini?"

Tajiri alikuwa amejiandaa kwa maswali yote. Namba ya kitambulisho, mapato, anapoishi, hata bei. Kwa hilo akakaa kimya kidogo, akawaza kovu la mwenzake, akawaza watoto watatu wanaolala chumba kimoja na ukuta wa mbao laini katikati. Halafu akaomba bahasha yake.

"Nitarudi mwenyekiti. Hilo swali nimeulizwa mara mbili wiki hii, na bado sina jibu."

Mchana ule alionekana kwa fundi wa kuchomelea karibu na stendi, anapima geti.